UZI: Namba ya siri kwenye programu ya kikoba. Nilianza na pazia, nikaishia kwenye kufuli

Mtoto wa Kilombero (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni wa wenzangu mnaotengeneza programu za vikoba, maduka na madaftari ya madeni. Kila wiki naona mtu anauliza "nawekaje PIN kwenye programu yangu?", anatajiwa kifurushi cha kupakua, anashukuru na kuondoka. Mimi pia niliondoka hivyo hivyo. Naandika kwa sababu kuna mtu aliumia.

Bi mkubwa ni mweka hazina wa kikoba chenye wanachama 27 huku kwetu Ifakara. Nilimtengenezea programu ndogo kwa Flutter, zana ya kutengenezea programu za simu: hisa, mikopo, marejesho, faini, mfuko wa jamii. Simu yake haina loki. Nilimwekea mara mbili, akaitoa mara mbili, na ana sababu zake. Wajukuu wanaangalia katuni, jirani akiishiwa salio anaazima apige, na yeye mwenyewe mikono ikiwa na unga hataki kuhangaika na kioo. Simu ya nyumbani kwetu ni kama jembe, anayeihitaji anaichukua.

Siku moja kioo kikapasuka, simu ikalala kwa fundi siku mbili. Fundi lazima aiwashe ajaribu kioo kipya, hilo ni halali yake. Sijui ni yeye, au kijana wake, au mteja aliyekuwa amekaa pale kwenye benchi. Ninachojua ni kwamba wiki hiyo hiyo mtaani ilijulikana nani anadaiwa kiasi gani. Mama mmoja muuza vitumbua, ambaye marejesho yake mawili yalikuwa nyuma, alisemwa asubuhi mbele ya wateja wake. Vikao viwili hakuonekana. Bi mkubwa hakunilaumu. Alisema tu: "Mwanangu, lile daftari la zamani nilikuwa nalilalia chini ya godoro."

Usiku huo huo nikakaa kuweka namba ya siri.

Pazia

Kazi ilinichukua saa mbili. Skrini yenye vitufe kumi, tarakimu 4, ukikosea inatikisika. Namba nikaihifadhi kwenye SharedPreferences, hifadhi ya mipangilio midogo ya programu. Nikampa bi mkubwa, akafurahi, nikaona nimemaliza.

Wiki iliyofuata nilikuwa natafuta hitilafu nyingine kabisa, nikafungua mafaili ya programu yangu mwenyewe kwa kompyuta. Ndani ya folda ya shared_prefs kuna faili moja la XML, na ndani yake mstari huu:

`<string name="flutter.pin">2580</string>`

2580. Ile safu ya katikati ya vitufe, juu mpaka chini. Nilikaa naiangalia ile namba muda mrefu, kwa sababu niliitambua. Mara ngapi nimemsaidia mama yangu kutuma pesa nikiwa nimesimama pembeni yake? Ilikuwa ndiyo namba yake ya M-Pesa.

Wakuu, hapa naomba tuelewane vizuri. Mtu wa kawaida hana namba za siri tano kichwani. Anayo moja. Ukimwambia "weka namba ya siri ya tarakimu 4", atakupa ile inayofungua pesa zake, kwa sababu ndiyo aliyokwisha kuikariri. Kwa hiyo ukiihifadhi vibaya, unachokiacha wazi si programu yako peke yake.

Ni kweli kwamba Android inaitenga kila programu na mwenzake, programu nyingine haiwezi kuingia kwenye folda yako hivi hivi. Lakini simu iliyorutiwa, yaani iliyofunguliwa mamlaka yote ya mfumo, inaingia. Na bakapu, usipoizima kwa allowBackup kwenye manifesti (faili la maelezo ya programu), inaweza kulibeba faili hilo. Tena databesi yenyewe ilikuwa pale pale pembeni, SQLite tupu, anayeifungua anasoma majina na madeni bila kuulizwa namba yoyote. Skrini yangu ya PIN ilikuwa pazia lililoning'inizwa mbele ya mlango ulio wazi.

Naendelea kwenye komenti inayofuata, nakula kwanza.

---

Dada Nzega

Nasubiri muendelezo. Ila mkuu, si ungeiweka hashi tu? SHA-256 ukamaliza.

Mtoto wa Kilombero

Dada, nilifikiri hivyo hivyo, kwamba badala ya namba nihifadhi hashi, alama inayokokotolewa kutoka kwenye namba na isiyorudishika nyuma. Sasa tupige hesabu. Tarakimu 4 zina michanganyiko 10,000, kuanzia 0000 mpaka 9999. Kompyuta yoyote ya mezani inazipitisha zote kwenye SHA-256 kabla hujamaliza kupepesa jicho. Chumvi, yaani data ya nasibu inayochanganywa na namba kabla ya hashi, haisaidii hapo, kwa sababu chumvi inakaa pembeni ya hashi, mwizi anazichukua zote mbili.

Nikahamia Argon2id, hashi ambayo imetengenezwa makusudi iwe nzito. Nikaipima kwenye simu ya bi mkubwa mpaka kila jaribio likachukua kama nusu sekunde. Majaribio 10,000 mara nusu sekunde ni sekunde 5,000, yaani dakika 83. Anaanza baada ya chai, kabla ya adhuhuri ameshaipata, na hapo anatumia simu duni kama ile ile. Kwa tarakimu 6 michanganyiko ni 1,000,000, hesabu hiyo hiyo inafika karibu siku sita. Afadhali, lakini mwenye mashine nzuri hatasubiri siku sita.

Kwa hiyo hashi peke yake haiokoi namba fupi. Namba fupi inahitaji kitu kingine cha kuishikia, kitu kisichobebeka kutoka kwenye simu.

---

Mtoto wa Kilombero

Kufuli

Narudi. Huu ndio mpango nilioishia nao baada ya kufuta kila kitu na kuanza upya.

Programu inapofunguliwa mara ya kwanza, inazalisha ufunguo mkuu wa bahati nasibu wa biti 256. Ufunguo huo ndio unaosimba databesi nzima, yaani kuifanya isisomeke bila ufunguo, mimi nimetumia SQLCipher, ambayo ni SQLite yenye usimbaji. Hauhusiani na PIN hata kidogo, na haukai popote ukiwa mtupu.

Kisha ufunguo mkuu unafungwa mara mbili. Kufuli la ndani linatokana na PIN iliyopita kwenye Argon2id. Kufuli la nje ni la Android Keystore: ufunguo wa AES (njia ya kusimba) unaozaliwa ndani ya simu, na kwenye simu nyingi unakaa kwenye eneo la prosesa ambalo hata mfumo wa Android wenyewe hauwezi kuusoma. Unauomba ukufungulie kitu, unakufungulia, lakini wenyewe hautoki. Kwa AES njia hii ipo tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, kwa hiyo simu nyingi zilizoko mtaani zinaiweza. Mtu akiiba faili akalipeleka kwenye kompyuta yake, hana la kufanya nalo, maana kufuli la nje limebaki kwenye simu. Akiwa na simu yenyewe, tena kairuti, anaweza kuiomba Keystore ifungue kufuli la nje, kisha kilichobaki akakijaribia kwenye kompyuta yake, na hapo kinachomchelewesha ni Argon2id na urefu wa PIN. Ndiyo maana nikaongeza tarakimu ziwe 6.

Na tazameni kinachofuata, maana ndicho nilichokipenda kuliko vyote: PIN haihifadhiwi popote. Wala hashi yake. Bi mkubwa akiingiza namba, programu inajaribu kufungua ule ufunguo mkuu. Nimetumia AES-GCM, ambayo ina muhuri wa kuhakiki. Namba ikiwa si yenyewe muhuri unakataa, basi. Akitaka kubadilisha PIN, nafunga upya ufunguo mkuu tu, databesi siigusi.

Tarakimu 6 zina faida nyingine. M-Pesa ni tarakimu 4. Ukimtaka mtu tarakimu 6, hawezi kukupa ile ya M-Pesa kama ilivyo. Na juu ya vitufe nimeandika kwa maandishi makubwa: "Usitumie namba yako ya kutolea pesa."

Kijana wa Changamwe

Ndugu, kazi nzuri sana. Huku kwetu ni vyama, lakini shida ni hiyo hiyo. Swali: watu hawachukui ile namba ya M-Pesa wakaongeza 00 mwishoni?

Mtoto wa Kilombero

Wanafanya, na bi mkubwa alijaribu palepale mbele yangu. Nikamweleza kwa nini, akachagua nyingine. Siwezi kuzuia kwa msimbo, kwa sababu programu haijui namba yake ya M-Pesa, na haipaswi kuijua.

Ninachokizuia ni 123456, 000000 na ndugu zake, zinazopanda au kushuka kwa mfululizo, zinazorudia, na zinazoanza na 19 au 20 kama mwaka wa kuzaliwa. Msidharau hili. Mwaka 2012 mchambuzi wa data Nick Berry alichambua namba za tarakimu 4 zipatazo milioni 3.4 zilizokuwa zimevuja, akakuta 1234 peke yake ni karibu asilimia 11. Ukiacha watu wachague bila kuwazuia, mwizi mmoja kati ya tisa anaingia kwa jaribio la kwanza.

---

Mvuvi wa Usiku

Mbona unajitesa mkuu? Weka alama ya kidole, yamekwisha.

Mtoto wa Kilombero

Mkuu, alama ya kidole nimeiweka kama njia ya mkato kwa anayetaka, ila haiwezi kuwa mlango wenyewe. Sababu ya kwanza iko mikononi mwa watu wenyewe. Wanachama wetu wanalima mpunga, wanafua, wanasukuma tofali. Vidole vimesagika, simu inakataa mara nne mfululizo. Sababu ya pili ni kubwa zaidi: Android haikuambii ni kidole cha nani. Inasema tu "kidole kilichosajiliwa kwenye simu hii kimekubaliwa". Kama mjukuu amesajili cha kwake ili afungue katuni, mjukuu anafungua na kikoba.

Ukiitumia, hakikisha ufunguo wa Keystore unaofungamana na kidole unakufa pale kidole kipya kinaposajiliwa. Kuna mpangilio wake, setInvalidatedByBiometricEnrollment, na usiuzime. Ukifa, mtu anarudi kwenye PIN, anaingia, anawasha tena kidole akitaka.

Dada Nzega

Hapo kwenye kidole nimekutana na balaa. Kila ninapoita kile kidirisha cha alama ya kidole, programu inajifunga tena, inaita tena, inajifunga. Haiishi.

Mtoto wa Kilombero

Bila shaka unafunga kwenye hali ya inactive, yaani programu bado inaonekana lakini haipokei mguso. Kile kidirisha kinapotokea juu ya programu yako, Flutter inakuambia programu imekuwa inactive. Wewe unafunga, unaita kidole, kidirisha kinatokea, inactive tena. Funga kwenye paused, yaani programu ikiwa imetoka kabisa kwenye skrini. Kwenye inactive ziba tu yanayoonekana.

Na kwa kuwa umegusa hapo, niseme palipokula muda wangu mwingi kuliko usimbaji wote: lini ujifunge.

Mwanzo nilifunga kila programu inapoachwa. Salama kabisa, na haitumiki kabisa. Bi mkubwa anapokea marejesho kwa simu, anatoka kwenda kusoma meseji ya muamala, anarudi kuandika kiasi, PIN. Amesahau ilikuwa elfu ngapi, anatoka tena, anarudi, PIN. Kikao cha watu 27 kina miamala sitini. Siku ya pili aliniomba nimwekee "namba nyepesi", na nikaelewa kwamba mimi mwenyewe ndiye ninayemsukuma kwenye 111111.

Sasa ana sekunde 60 za kutoka na kurudi. Skrini ikizimwa kwa kitufe, inajifunga papo hapo.

Kamera ilikuwa na shida yake. Programu inapiga picha ya risiti ya benki. Ukifungua kamera, programu yako inakwenda paused. Mtu anahangaika kupata mwanga, sekunde 60 zinapita, anarudi anakuta skrini ya PIN, anaingiza, picha haipo. Kwenye simu ya RAM ndogo ni mbaya zaidi, Android inaiua programu yako kabisa wakati kamera iko wazi. Dawa ni mbili. Kabla ya kuita kamera, andika kwamba "nimetoka kwa kazi yangu mwenyewe" na ongeza muda hadi dakika 3. Na programu ikiamka upya, ita retrieveLostData ya image_picker (kifurushi cha Flutter cha kuchukua picha) baada ya PIN kukubaliwa, picha inarudi.

---

Mvuvi wa Usiku

Nimekuelewa kuhusu kidole. Sasa mtu akikosea mara kumi unafuta data kama simu zinavyofanya?

Mtoto wa Kilombero

Hapana, na nakusihi na wewe usifanye hivyo. Mtoto wa miaka minne akiishika simu anabonyeza mara kumi ndani ya dakika moja. Siwezi kuruhusu kumbukumbu za akiba ya akina mama 27 zifutwe na mtoto anayetafuta katuni.

Nimeweka kusubiri. Makosa matano, sekunde 30. Kisha dakika 1, 5, 15, halafu saa nzima kwa kila jaribio. Kuna mitego miwili ndani yake. Wa kwanza ni mpangilio wa kuandika: kaunta iandikwe kwenye hifadhi kabla ya kujaribu PIN, siyo baada. Ukiandika baada, mtu anaiua programu mara tu baada ya kubonyeza na kosa lake halihesabiwi. Wa pili ni saa. Nilitumia saa ya kawaida ya simu, na mpwa wangu wa kidato cha pili akaishinda kwa kwenda kwenye mipangilio na kusogeza tarehe mbele siku moja. Nilimshukuru. Tumieni SystemClock.elapsedRealtime, inayohesabu tangu simu ilipowashwa na haijali tarehe. Simu ikizimwa na kuwashwa inaanza sifuri, kwa hiyo ukigundua imewashwa upya, anzisha kusubiri kwenyewe upya.

Kijana wa Changamwe

Na ile orodha ya programu za karibuni? Mimi nikibonyeza kile kitufe cha mraba naona salio la chama zima kwenye kipicha.

Mtoto wa Kilombero

FLAG_SECURE kwenye dirisha. Kipicha kinakuwa cheusi na skrinishoti zinakatazwa. Ila jiandae: katibu wetu alikuwa anapiga skrinishoti ya ukurasa wa mahesabu na kuituma kwenye kundi la WhatsApp kila kikao kikiisha. Akanipigia simu saa tatu usiku kwamba programu imeharibika. Nikamtengenezea kitufe cha "Tuma muhtasari" kinachotoa picha ya jumla peke yake, bila majina ya wadaiwa. Kwa kweli ni bora kuliko ilivyokuwa. Kwenye iPhone FLAG_SECURE haipo, pale unafunika skrini kwa picha yako programu inapokwenda inactive.

---

Dada Nzega

Swali langu la mwisho, na ndilo linalonitisha. Umesema PIN haihifadhiwi popote. Sasa mama akiisahau?

Mtoto wa Kilombero

Dada, hilo ndilo nililopaswa kujiuliza kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Njia ya meseji ya OTP, ile namba ya kutumika mara moja, niliikataa. Simu imeibiwa, laini iko ndani ya simu, meseji inamfikia mwizi. Maswali ya siri kama "jina la mama yako" mtaani kwetu kila mtu analijua. Na mimi mwenyewe kuwa na ufunguo wa ziada nyumbani sikutaka, maana siku nikigombana na kikoba, au nikifa, itakuwaje?

Jibu nilikuta bi mkubwa analo uvunguni. Kabla ya simu, kikoba kilikuwa na sanduku la chuma lenye makufuli matatu. Funguo wanashika wanachama watatu tofauti, sanduku anakaa nalo mwingine. Vikundi vya namna hii, vilivyoanzishwa na shirika la misaada la CARE kule Niger mwaka 1991, vimeenea Afrika nzima na sanduku lao la makufuli matatu. La kikoba chetu hakuna aliyewahi kulifungua peke yake.

Kwenye hesabu lipo jambo linalofanana nalo. Mwaka 1979 mtaalamu wa usimbaji Adi Shamir alionyesha namna ya kugawa siri vipande, ukaamua vipande vingapi vinatosha kuirudisha. Niligawa ufunguo mkuu vipande vitatu, viwili vinatosha. Kipande kimoja hakikuambii chochote, hata nusu ya siri. Kila kipande ni QR iliyochapwa kwenye karatasi na kubandikwa ndani ya jalada la kitabu cha hisa cha mshika ufunguo. Bi mkubwa akisahau, wawili wanakuja na vitabu vyao, programu inasoma QR mbili, anaweka PIN mpya. Makaratasi hayohayo yanafungua bakapu hata kama simu imepotea kabisa, kwa sababu bakapu inakwenda kwenye sava ikiwa imesimbwa kwa ufunguo huo huo mkuu. Sava haiwezi kusoma jina hata moja.

Kikao ndicho kilichochagua washika funguo. Bi mkubwa ndiye aliyempendekeza yule mama wa vitumbua, na alikwenda kumwita nyumbani kwake mwenyewe.

Mvuvi wa Usiku

Umejaribu kweli au ni nadharia? Maana bakapu isiyojaribiwa mimi siiamini.

Mtoto wa Kilombero

Tumejaribu Jumamosi iliyopita, mbele ya kikao. Bi mkubwa alikabidhi simu kwa katibu na kukataa kusema namba. Mama wa vitumbua akatoa kitabu chake wa kwanza. Kamera ikakataa. Karatasi ilikuwa na doa la mafuta pembeni, limekula kona moja yenye ule mraba ambao kamera huutafuta kwanza. Tukajaribu juani, tukajaribu kivulini, ikakataa. Alitaka kuomba radhi, akazuiwa na kina mama wenyewe. Mshika ufunguo wa pili na wa tatu wakaleta vyao, vikasoma vyote viwili kwa mara ya kwanza, mahesabu yakafunguka.

Kwa hiyo nimerudi nyumbani nikabadilisha mambo matatu. QR sasa ni za kiwango H, kinachovumilia kupotea kwa karibu asilimia 30 ya alama, ingawa ile miraba ya kona haimo kwenye kinga hiyo. Ndiyo maana chini ya kila QR nimechapa pia herufi na namba za kipande chenyewe, za kuandika kwa mkono. Na karatasi zote tatu nimezipeleka stesheneri zikawekewa plastiki, shilingi 1,000 kila moja. Ya mama wa vitumbua nampelekea kesho asubuhi pale anapokaangia.